Kabla ya Kuomba Ekari Nyingine: mhadhara kuhusu dampo la Muriet na upanuzi wa madampo

Waheshimiwa madiwani, wenyeviti wa mitaa, watendaji wa kata, wanafunzi, na nyinyi majirani wa dampo mliotoka Muriet na Terrat: wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie historia ya dampo letu la Muriet, hapa jijini Arusha, na upanuzi wake. Historia wengi mnaijua. Muriet ilianza kama dampo la wazi: gari linamwaga, moshi unapanda, mvua ikija maji yanajitafutia njia. Baadaye likajengwa dampo la kisasa kupitia mradi wa miji ya kimkakati, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2010, ambao Arusha iliingia pamoja na Dodoma, Kigoma, Mbeya, Mtwara, Mwanza na Tanga. Na mji nao haukusubiri. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 katika jiji hili. Ya 2022 ikahesabu 617,631. Yaani ndani ya miaka kumi imeongezeka karibu nusu ya watu waliokuwepo, na kila mmoja ana taka zake.

Kwa hiyo dampo lolote la mji kama huu linapokaribia kujaa, kauli huwa moja: tuongezewe eneo. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo, na walionisikia kabla ya leo wanaujua. Tunazungumza ekari. Ekari hazituambii kitu. Dampo ni ujazo, na swali la kwanza linalopaswa kuulizwa katika kikao chochote cha upanuzi ni hili: katika kila mita moja ya ujazo tuliyokwisha kuitumia, tumeingiza kilo ngapi za taka?

Naomba mchukue kalamu. Tufanye hesabu ya mfano, siyo takwimu za Muriet. Chukua shimo la hekta 4, kina cha wastani mita 10. Hilo ni mita za ujazo 400,000. Toa asilimia 20 kwa ajili ya udongo wa kufunikia, zinabaki 320,000 za taka. Sasa tuseme kila siku zinaingia tani 200. Taka zikimwagwa na kusukumwasukumwa tu na buldoza, bila utaratibu, tuseme zimekaa kilo 400 kwa mita ya ujazo. Tani 200 zinakula mita za ujazo 500 kwa siku. Gawanya: siku 640. Mwaka mmoja na miezi tisa, shimo limejaa.

Shimo lilelile, taka zilezile, lakini zimeshindiliwa kwa kompakta, yaani mashine nzito ya kushindilia, mpaka kilo 800 kwa mita ya ujazo. Kiwango hicho kinafikiwa, na wanaofanya kazi vizuri wanakivuka. Sasa zinakula mita 250 kwa siku. Siku 1,280. Miaka mitatu na nusu. Hakuna aliyehamishwa, hakuna fidia iliyolipwa, na hakuna hata senti ya mkopo iliyoongezwa kwa ajili ya shimo la pili.

Endelea hapohapo. Katika taka za miji yetu, zaidi ya nusu ni zinazooza: maganda, majani, mabaki ya chakula, mikungu ya ndizi. Tuseme ni asilimia 60. Nusu yake ikiishia sokoni na mitaani ikawa mboji au chakula cha mifugo, tani 60 hazifiki dampo. Zinabaki 140. Kwa mshindilio uleule wa 800 zinakula mita 175 kwa siku. Siku 1,828. Miaka mitano. Kutoka mwaka mmoja na miezi tisa hadi miaka mitano, na shimo ni lilelile. Ndiyo maana nakosa uvumilivu mtu anaponiambia jambo la dharura ni kutafuta ekari.

Najua kuna anayewaza: hiyo asilimia 20 ya udongo ni hasara, tuache kufunika tupate nafasi zaidi. Haya, tuipige hiyo pia. Mita za ujazo 400,000 zote ziwe taka, kilo 400 kwa mita, tani 200 kwa siku: siku 800. Umeongeza siku 160, na kwa siku hizo 160 umenunua moto, nzi, kunguru, mbwa, na maji machafu yanayochuruzika kutoka kwenye taka, mengi kuliko ambayo ungekuwa nayo. Biashara hiyo hailipi. Ukitaka kuokoa udongo kuna njia halali: funika kwa turubai nzito usiku na uiondoe asubuhi, au kabla ya kuanza kazi kwangua udongo wa jana, uuweke pembeni, uutumie tena jioni. Njia hii ya pili ina faida nyingine nitakayoifikia.

Mwingine atasema tuhamie mbali kabisa, tuanze upya. Tuangalie Dar es Salaam. Wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 1988 mahakama ikaamuru jiji liache kumwaga taka pale. Taka zikahamia Kunduchi Mtongani; wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani, mwaka 1991 wakashinda. Zikaja Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Ukisoma orodha hiyo kwenye ramani utaona taka zinasukumwa tu kutoka kwa jirani mmoja kwenda kwa mwingine, na hatua ya mwisho, ya Pugu, ikarefusha safari ya gari na kuongeza dizeli. Kuhama hakubadilishi namna ya kumwaga.

Sasa tuje kwenye kushindilia kwenyewe, maana watu wanadhani ukiona buldoza linapita juu ya taka, basi taka zimeshindiliwa. Hapana. Buldoza la minyororo limetengenezwa ili lisizame. Uzito wake umetandazwa kwenye eneo pana. Ni mashine nzuri ya kusukuma na kusambaza. Kompakta ya dampo ina magurudumu ya chuma yenye meno, na uzito wa tani 20 na kuendelea unashuka kwenye meno hayo. Inakata, inavunja na kubana. Mji usio na kompakta bado unaweza kupata mshindilio wa maana kwa buldoza, lakini kwa sharti moja ambalo ndilo linalovunjwa kila siku: tabaka jembamba.

Utaratibu ni huu. Gari linamwaga chini, kwenye kitako cha mteremko, siyo juu kwenye ukingo. Opareta anasukuma taka kupandisha, mteremko usimame kwa moja kwa tatu au kwa nne, yaani ukipanda mita moja umekwenda mbele mita tatu au nne. Anazitandaza kwa unene wa sentimita 30 hadi 50, kisha anapita juu yake mara tatu hadi tano. Ndipo anapokea tabaka la pili. Ikifika jioni anafunika kwa udongo sentimita 15 zilizoshindiliwa.

Kinachotokea pasipo na msimamizi ni kinyume chake. Gari linamwaga juu, opareta anasukuma taka zidondoke ukingoni, zinaunda lundo la mita tatu nne lisilobanwa hata kidogo ndani. Halafu anapita juu mara mbili, uso unakuwa sawa, unapendeza. Mkaguzi anakuja anaona uwanja umesawazishwa. Lakini ndani kuna hewa, na hewa hiyo ina kazi mbili: inakula nafasi yako, na inalisha moto.

Moto wa dampo haupendi kuonekana. Unaanza kwenye majivu ya moto yaliyotupwa na mama lishe au kwenye waya uliochomwa mtu apate shaba, kisha unaingia chini na kutafuna polepole kwa wiki nyingi. Kosa la kwanza watu wanalofanya ni kuita gari la zimamoto limwage maji juu. Maji yanapita kwenye mianya, hayafiki penye moto, na yote yanageuka maji machafu ya kushughulikia. Moto wa chini unachimbuliwa kwa kijiko, ile mashine ya kuchimbia, taka zinazowaka zinatengwa na kutandazwa mahali palipo wazi, zinapozwa na kufukiwa, kisha pale palipochimbuliwa panazibwa kwa udongo na kushindiliwa upya. Lundo la udongo liwe tayari karibu na eneo la kazi wakati wote, angalau la siku kadhaa. Dampo lisilo na udongo wa akiba halina zimamoto.

Udongo wenyewe huku kwetu si tatizo la kupatikana bali la kuchagua. Udongo mzito wa mfinyanzi ni mzuri kwa sakafu ya shimo na kwa kifuniko cha mwisho. Kwa kufunika kila siku unaleta shida: unaacha tabaka lisilopitisha maji katikati ya taka. Mvua inayoingia inasimama juu ya tabaka hilo, inatafuta pembeni, inatokea ubavuni mwa dampo kama chemchemi nyeusi. Majirani wanaiona, wanapiga simu, na wana haki. Moramu na changarawe za volkano ndizo zinazofaa kwa kila siku, kwa sababu zinapitisha maji yashuke hadi kwenye mabomba ya chini. Na hii ndiyo faida niliyoiahidi: ukikwangua udongo wa jana kabla ya kuweka taka za leo, unaokoa udongo na unayafungulia maji njia.

Kuhusu sakafu nitakuwa mfupi kwa kuwa wakandarasi wanaijua. Kipimo kinachotumika mahali pengi: mfinyanzi ulioshindiliwa sentimita 60, juu yake plastiki ngumu nyeusi ya milimita 1.5, juu yake kitambaa kizito cha kuilinda, kisha kokoto sentimita 30 zenye mabomba yaliyotobolewa yanayopeleka maji kwenye mabwawa. Ninachotaka mkikumbuke ni siku ya kwanza ya kutumia shimo jipya. Hapo ndipo plastiki ya mamilioni inapotobolewa. Mita ya kwanza, au moja na nusu, iwe ya taka laini zilizochaguliwa: za majumbani, bila nondo, bila mbao zenye misumari, bila vyuma wala vifusi vya ujenzi. Mashine isikanyage kokoto. Isimame juu ya taka na kusukuma mbele yake. Tundu moja lililotobolewa siku hiyo hutalirudia tena, litakuwa chini ya mita kumi za taka, na sisi ni mji wa visima na vijito. Themi, Naura na vingine vinashuka kutoka Meru kwenda kusini, upande uleule tunaopeleka taka.

Mvua sasa. Msinichoke, hapa ndipo mashimo mapya yanapoharibika mapema. Hekta 4 zikinyeshewa milimita 100, na milimita 100 ndani ya wiki chache za masika si ajabu, zinapokea mita za ujazo 4,000 za maji. Hayo ni maboza 400 ya lita 10,000. Ukifungua shimo lote kwa wakati mmoja na kutawanya taka kote, maji yote hayo yanagusa taka, yote yanakuwa machafu, mabwawa yanafurika mwezi Aprili, na lawama anapewa mtu wa mabwawa. Ligawe shimo kwa tuta. Tumia robo au nusu. Maji ya upande ambao bado haujaguswa ni ya mvua tu, yapigwe pampu yatoke kama maji safi. Mtaro wa kukinga maji ya nje uzunguke shimo lote na uzibuliwe kabla ya Machi, siyo baada ya kufurika. Na pale karibu na lango tenga eneo la kumwaga wakati wa mvua, lenye njia ya kokoto ngumu. Usipolitenga, gari litakwama tope la kwanza, dereva atamwaga barabarani, wa pili atamwaga nyuma yake, na ndani ya siku tatu dampo limehamia getini huku shimo likiwa tupu.

Turudi mjini kidogo, maana nusu ya upanuzi wa dampo inafanyika soko la Kilombero na siyo Muriet. Chukueni mkungu wa ndizi uliobaki baada ya ndizi kukatwa. Sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Vivyo hivyo kabichi iliyooza, maganda ya tikiti, majani ya karoti. Lori la tani 10 likitoka sokoni limebeba kama tani 7 za maji, tunayachomea dizeli kuyapeleka dampo, na yakifika yanaoza, yanatiririka chini, tunajenga mabwawa ya kuyapokea. Taka hizo hazihitaji mtambo wa ajabu. Zipangwe matuta ya kimo cha mita moja na nusu, upana mita mbili hadi tatu, majani makavu au pumba za mbao zichanganywe ili hewa ipite. Ndani pafike nyuzi 55 hadi 65. Yageuzwe kila wiki. Ukikamata konzi na kukamua, itoe tone moja mawili. Ikichuruzika ina maji mengi na itanuka, ikiwa haishikani imekauka na imelala. Wiki nane hadi kumi na mbili una mboji.

Mbona miradi ya mboji inakufa, mtaniuliza. Inakufa kwa vioo, nyembe na plastiki. Mkulima wa Tengeru akinunua gunia moja akakuta kioo, hanunui la pili na atawaambia wenzake. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 ilisaidia, lakini mboji inayotengenezwa kwa taka zilizochanganywa haitauzika hata ukiichekecha mara tatu. Kutenganisha kufanyike pale kwenye kizimba cha muuzaji, kabla taka hazijafika kwenye ghuba la kukusanyia taka. Soko lina faida kwamba taka zake tayari ni za aina moja. Tuanze na masoko, kisha mahoteli. Nyumba kwa nyumba itafuata. Anayeanza na nyumba kwa nyumba anachoka kabla ya matokeo.

Muda unaniishia na sijagusa upanuzi wa kwenda juu. Nitausema haraka, lakini msiuchukulie kwa haraka.

Eneo likikosekana, mji unapandisha. Taka zisizoshindiliwa, zilizolowa, zenye miteremko mikali, zinapanda mwaka hadi mwaka, na nyumba zinasogea chini yake. Payatas, Jiji la Quezon karibu na Manila, tarehe 10 Julai 2000: zaidi ya watu 200 walikufa. Koshe, Addis Ababa, tarehe 11 Machi 2017: zaidi ya 110. Kiteezi, Kampala, tarehe 10 Agosti 2024: zaidi ya 30. Kiteezi lilifunguliwa mwaka 1996 kama dampo la kisasa, na kwa msaada wa Benki ya Dunia kama letu. Naomba mlifikirie hilo. Liliporomoka baada ya mvua kubwa, likafukia majirani usingizini. Taka haziporomoki kwa kuwa ni nyingi. Zinaporomoka kwa kuwa maji yamejaa ndani na ubavu umesimama mno. Mteremko moja kwa tatu, ngazi ya kupumzikia kila mita tano hadi kumi za kimo, na ukaguzi wa nyufa juu ya kilele kila wiki wakati wa mvua. Ukiona ufa unaofuata ukingo kwa urefu, simamisha magari siku hiyohiyo na uwaondoe watu walio chini. Usisubiri mtaalamu kutoka Dodoma.

Na kwenu wenyeviti: kinachozuia kupanua kwenda pembeni ni viwanja mnavyoviandikia barua za mauziano. Ardhi ya akiba ya dampo iwekewe mipaka ya saruji na ipandwe miti leo. Nyumba ya kwanza ikishasimama, upanuzi umekwisha, na familia hiyo imewekwa pabaya na sisi wenyewe. Wenzetu wa Moshi na dampo lao la Kaloleni wana somo hilohilo: mji unalikuta dampo.

Gesi: methani, inayotoka kwenye taka zinazooza, inalipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, kwa hiyo hakuna kibanda cha mlinzi juu ya taka za zamani, na hakuna kuvuta sigara kwenye chemba za mabomba. Waokotaji: wapewe eneo lao la kuchambua kando ya mizani, nje ya njia ya mashine; kuwafukuza kunawarudisha usiku, na usiku ndiko wanakokanyagwa. Mengine ya haya mawili tutayaongea siku nyingine, yanastahili kikao chao.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nibaki na kipimo chenyewe, kwa sababu mkitoka hapa bila kujua namna ya kukipata mtarudi kwenye ekari. Kila gari lipimwe langoni likiingia na likitoka, tani ziandikwe kwa tarehe. Kila baada ya miezi mitatu mpimaji apime sura ya juu ya dampo. Ni kazi ya siku moja mbili, na kwa droni ni nusu siku. Ujazo ulioongezeka kati ya vipimo viwili, toa udongo ulioingizwa, kisha geuza tani za kipindi hicho ziwe kilo na uzigawanye kwa ujazo huo. Namba inayotoka ndiyo mnayopaswa kuidai mezani. Ikiwa 400, msipitishe shimo jipya kabla ya kupitisha kompakta na mafunzo ya opareta. Ikiwa 800 na shimo kweli linajaa, mimi nitakuwa wa kwanza kusimama nanyi kuomba eneo.

Mtasema mizani huharibika. Huharibika, ndiyo, mara nyingi kwa tope lililojaa chini ya jukwaa na kuzuia lisicheze. Lioshwe kila wiki. Likiwa bovu, msiache daftari tupu. Andikeni namba ya gari, ukubwa wa bodi yake kwa mita za ujazo, na limejaa kiasi gani, robo, nusu au pomoni. Kwa taka za kwetu zisizobanwa garini, anzeni na makadirio ya kilo 300 kwa mita ya ujazo, kisha mizani ikipona pimeni magari 20 ya kila aina mrekebishe makadirio hayo.